Kabla hujalipia bayoseramiki: nini hasa kinaziba ncha ya mzizi

Siku hizi ukizunguka Mwanza, kuanzia Kirumba mpaka Nyakato, na hasa ukifungua status za WhatsApp za watu wenye kliniki za meno, unakutana na tangazo la aina moja: ruti kanali ya kisasa, tunajaza kwa bayoseramiki, haivuji, unatibiwa leo unaondoka leo. Ruti kanali ni kusafisha na kujaza njia ya ndani ya mzizi wa jino, na bayoseramiki ni aina ya dawa ya kuzibia inayopakwa humo. Upande wa pili wapo madaktari wa siku nyingi wanaosema huo mtindo wa kuchomeka kijiti kimoja cha kujazia na kuzungushia dawa ni uvivu tu, mzizi hauzibi bila kusongeza vijiti vingi au bila mashine ya moto ya kulainishia vijiti hivyo, mwenye kliniki isiyo na mashine hiyo asijiite mtaalamu. Wagonjwa wamebaki katikati, wanakuja wanauliza daktari, wewe unajaza kwa njia gani, na wengine wanahama kliniki kwa jibu hilo tu. Mi ni daktari wa meno hapa hapa mjini na naona pande zote mbili zinabishania hatua ya mwisho ya kazi ambayo matokeo yake kwa sehemu kubwa yameshaamuliwa kabla kijiti hakijaingia kwenye jino. Namna ya kujaza ina uzito, sikatai, na kuna meno ambayo ina uzito mkubwa kweli. Ila ncha ya mzizi inaziba au inashindwa kuziba kutokana na usafi wa ndani, urefu sahihi na kifuniko cha juu, hivyo vitatu kwanza, alafu ndo tuje kwenye mashine na jina la dawa.

Tuanze na jino lenyewe maana bila hapo ubishi wote unakuwa hewani. Jino likitoboka mpaka ndani bakteria wanaingia kwenye kiini, pale penye mishipa ya damu na fahamu, kiini kinavimba, kinauma usiku kucha, alafu kinakufa, na maumivu yakikata watu wengi wanajua wamepona kumbe ugonjwa umeshuka chini. Njia ya ndani ya mzizi inabaki na nyama iliyooza na bakteria, na kwa vile njia hiyo imeungana na mfupa wa taya kupitia tundu dogo kwenye ncha, sumu inatokea pale, mfupa unaanza kuliwa, kwenye eksirei unaona kivuli cheusi kimeizunguka ncha. Kwamba chanzo ni bakteria ilionyeshwa vizuri sana mwaka 1965 na Kakehashi, Stanley na Fitzgerald huko Marekani. Walitoboa meno ya panya wa kawaida na ya panya waliokuzwa kwenye mazingira yasiyo na vijidudu kabisa, wakayaacha wazi, chakula kikaingia humo humo. Panya wa kawaida viini vilikufa na majipu yakatokea, wale wasio na vijidudu viini vilibaki hai na vikaanza kujijengea ukuta mpya juu ya tundu. Kidonda kile kile, uchafu wa chakula ule ule, tofauti ni bakteria tu. Ukilishika hilo jaribio akilini, nusu ya ubishi wa leo unajijibu wenyewe.

Kwaiyo matibabu ya mzizi ni kuondoa bakteria na nyama iliyooza kadiri inavyowezekana, alafu kuijaza ile njia ili waliobaki wasipate chakula wala pa kupita na wapya wasiingie. Na ncha ndo penye shida. Michoro ya ukutani inaonyesha njia moja imenyooka inaishia kwenye tundu moja, hali halisi haiko hivyo. Njia inabana kidogo kama nusu milimita mpaka milimita moja kabla ya kutokea nje alafu inatanuka tena, tundu lenyewe mara nyingi haliko kileleni kabisa mwa mzizi bali limekaa pembeni kidogo, na kwenye milimita 3 za mwisho ndiko vijinjia vya pembeni vimejazana kuliko sehemu nyingine yoyote ya mzizi. Gego la kwanza la juu mara nyingi lina njia ya nne ambayo usipoitafuta kwa makusudi huioni, na njia ambayo haikuonekana haikusafishwa, na ambayo haikusafishwa hata ukiwa na mashine ya namna gani hutaijaza.

Peters na wenzake kule Zürich mwaka 2001 walipiga meno picha za CT ndogo sana, kabla na baada ya kusafisha, wakakuta kila aina ya faili waliyojaribu, yaani vile vyuma vyembamba vya kukwangulia ndani ya mzizi, iliacha asilimia 35 au zaidi ya ukuta wa ndani haijaguswa. Theluthi nzima ya ukuta, na huo ni usafishaji wa maabara, jino limeshikwa mkononi, hamna mate wala mgonjwa anayechoka kufungua mdomo. Ndo maana dawa ya kuoshea inafanya kazi kubwa ambayo chuma hakiwezi: hipokloraiti, jamii moja na Jiki ya kufulia, inayeyusha nyama iliyooza na kuua bakteria kule faili isikofika, na EDTA, dawa nyingine ya kuoshea, inaondoa ule utando wa unga wa jino ambao faili zenyewe zinaupaka ukutani wakati zinakwangua. Fundi yeyote wa ujenzi anajua plasta haishiki kwenye ukuta wenye vumbi. Hapa ni hivyo hivyo, ukijaza juu ya utando ule umeiziba ile njia juu juu na chini yake pana bakteria wako hai. Na hizi dawa zinahitaji muda, zinahitaji kubadilishwa mara kwa mara, zinahitaji jino limetengwa na mate kwa ule mpira unaovalishwa kwenye jino, maana bila mpira mgonjwa anakunywa dawa na jino linakunywa mate. Hiyo ndo sehemu ndefu na ya kuchosha ya matibabu na hakuna tangazo hata moja nililoona linaitaja.

Sasa kujaza kwenyewe. Kitu kikuu ni gutapecha, utomvu wa miti ya Asia ya kusini mashariki, umetumika kwenye mizizi ya meno tangu karne ya 19, japo kwenye vijiti tunavyonunua leo gutapecha yenyewe ni kama sehemu moja ya tano na kinachobaki kwa wingi ni zinki oksaidi. Kuna sifa moja ya gutapecha ambayo mgonjwa angeijua angeelewa mambo mengi: haishikani na jino. Inakaa pale, inajaza nafasi, lakini haigandi ukutani. Kinachoziba ule upenyo mwembamba kati ya kijiti na ukuta ni ule uji mzito unaopakwa kuzunguka kijiti, ambao kazini tunauita sila. Kwaiyo njia zote za kujaza ukizichambua zinajibu swali moja tu, kwamba nafasi kiasi gani ichukuliwe na gutapecha ambayo haibadiliki sana na kiasi gani iachiwe sila. Kusongeza baridi, ile tuliyofundishwa wengi wetu, unaweka kijiti kikuu kinachofika mwisho, unakisukuma pembeni kwa chuma chembamba, unaingiza kijiti kidogo, unasukuma tena, unaongeza, mpaka pajae. Kushindilia kwa moto ni kazi iliyotangazwa na Herbert Schilder wa Boston mwaka 1967, yeye alitaka mzizi ujazwe pande zote, gutapecha inalainishwa kwa joto na kushindiliwa kwenda chini ili iingie kwenye vipembe na vijinjia. Na kijiti kimoja ni kijiti kinacholingana na umbo la faili ya mwisho, kinapakwa sila, kinachomekwa, kazi imeisha.

Hiyo ya kijiti kimoja zamani ilidharauliwa na kwa haki kabisa. Sila za wakati ule, zile za zinki oksaidi na mafuta ya karafuu, zinasinyaa kidogo zikiganda na zinayeyuka taratibu zikikutana na majimaji ya mwili, kwaiyo ukiacha nafasi kubwa ya sila umeacha nafasi kubwa itakayokuja kuwa tupu. Kilichobadilika ni hizi sila za kalisi silikati, ukoo mmoja na MTA, saruji ya kuzibia mizizi, ambayo Mahmoud Torabinejad na wenzake wa Loma Linda, California waliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hizi ndo matangazo yanaziita bayoseramiki. Zinaganda kwa kutumia unyevu uliomo ndani ya jino, hazisinyai kiasi cha zile za zamani, zikiwa mbichi zina alkali kali ambayo bakteria wengi hawaipendi, na mwili unazivumilia vizuri. Kwaiyo vijana wanaosema kijiti kimoja cha leo sio kijiti kimoja cha mwaka 1980 wanasema kweli, na mzee anayewacheka bila kuangalia kwamba dawa imebadilika anajibu swali la zamani.

Wenye mashine ya moto nao wana hoja yenye nguvu. Njia nyingi za mizizi sio duara. Mizizi ya magego ya chini na ya meno madogo ya pembeni mara nyingi ina njia pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine, na kijiti cha duara ndani ya njia ya namna hiyo kinaacha mabawa mawili yamejaa sila tupu. Kuna magego ya pili ya chini ambayo ukikata mzizi njia yake ina umbo la herufi C. Kuna meno ambayo ugonjwa umekula ncha mpaka pale pembamba pametoweka, na kuna ya watoto waliogonga meno ya mbele kabla mzizi haujafunga, tundu liko wazi kabisa. Kwenye meno haya namna ya kujaza ndo inaamua, huwezi kuchomeka kijiti ukasema sila itajitegemea, utatumia joto, au kwenye ncha iliyo wazi utatengeneza kizuizi cha MTA kwanza alafu ndo ujaze nyuma yake. Daktari anayejua njia moja tu ya kujaza atakuwa anajua kutibu aina moja ya mizizi. Hapo nakubaliana na wazee kabisa.

Ila wanapopanda kutoka hapo na kusema kila jino lisilojazwa kwa moto linavuja, ndo naomba tukae chini tuangalie hiyo habari ya kuvuja imetoka wapi. Kwa miaka mingi njia kuu ya kupima uzibaji wa ncha ilikuwa kuchukua meno yaliyong'olewa, kuyajaza, kuyatumbukiza kwenye rangi, kuyapasua na kupima rangi imepanda milimita ngapi. Utafiti wa aina hii ni rahisi na ulifanyika kwa wingi sana, na kila mwenye dawa mpya alipata wa kumpendelea. Wu na Wesselink wa Amsterdam walishalalamika mwaka 1993 kwamba matokeo yanapingana mno na njia zenyewe hazilingani. Alafu mwaka 2001 Oliver na Abbott wa Australia wakafanya kitu ambacho kilipaswa kufanywa mapema: wakachukua mizizi 116 iliyokuwa imejazwa kwenye midomo ya watu angalau miezi 6 kabla ya kung'olewa, wakaigawa iliyokuwa imepona na ambayo haikupona, wakaitia rangi. Rangi iliingia kwenye asilimia 99.5. Yaani jino lililopona likaingia rangi na lililoshindwa likaingia rangi, na wao wenyewe wakahitimisha kwamba huwezi kutabiri matokeo ya matibabu kwa vipimo hivyo. Mwaka 2007 bodi ya wahariri wa Journal of Endodontics ikatangaza kuziwekea mipaka tafiti za namna hiyo na kuomba ushahidi wenye maana zaidi. Kwaiyo neno "haivuji" kwenye tangazo halina msingi, na "inavuja" kwenye mdomo wa mpinzani wake mara nyingi limesimama juu ya vipimo vile vile. Rangi ya maabara ni chembe ndogo kuliko bakteria, na swali la mgonjwa ni kama mfupa wake utapona.

Kuhusu mfupa kupona tuna namba za watu halisi. Sjögren na wenzake wa Umeå, Sweden, mwaka 1990, walifuatilia wagonjwa 356 kwa miaka 8 mpaka 10. Meno ambayo hayakuwa na kivuli kwenye ncha kabla ya matibabu yalifanikiwa kwa zaidi ya asilimia 96, yale yenye kiini kilichokufa na kivuli tayari yalishuka mpaka 86. Alafu ndani ya kundi hili la pili wakaangalia ujazo umeishia wapi: uliofika ndani ya milimita 2 kutoka kileleni ulifanikiwa asilimia 94, uliotokeza nje 76, ulioishia mbali zaidi ya milimita 2 ukafanikiwa 68. Tafadhali zitazame hizo namba kwa utulivu maana mi ndo nazipa uzito kuliko zote kwenye makala hii. Tofauti ya 94 na 68 imeletwa na milimita, sio na aina ya mashine. Ukipungukiwa umeacha kipande cha mwisho, kile chenye vijinjia vingi, na bakteria wake. Ukitokeza mara nyingi maana yake ulishavunja pale pembamba kwa faili, ukasukuma uchafu kwenye mfupa, na huna tena kingo ya kushikilia ujazo usimame.

Na joto lenyewe likilinganishwa na baridi? Peng na wenzake mwaka 2007 waliunganisha tafiti 10 zilizolinganisha gutapecha ya moto na kusongeza baridi. Maumivu baada ya matibabu hayakutofautiana, matokeo ya muda mrefu hayakutofautiana, kilichotofautiana ni kwamba moto ulitokeza nje ya ncha mara nyingi zaidi. Kwa upande wa kijiti kimoja na bayoseramiki, Chybowski na wenzake mwaka 2018 walirudi kwenye meno 307 wakapata mafanikio ya asilimia 90.9, ni namba nzuri, ila ni utafiti wa kuangalia nyuma usio na kundi la kulinganisha, kwaiyo unatwambia njia hiyo inakubalika, hautwambii inazishinda nyingine. Ukiweka hivi viwili pamoja, anayekwambia njia yake ya kujaza peke yake ndo inaokoa jino anakuuzia kitu ambacho ushahidi haujakitoa.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndo inayonitia wasiwasi, ni ile inayosema bayoseramiki inaua bakteria yenyewe kwaiyo hata usipohangaika sana kusafisha itamalizia. Nimeisikia kwa watoa huduma, sio kwa wagonjwa. Ile alkali inafanya kazi wakati sila ni mbichi na pale ilipogusa, haitembei kwenda kutafuta bakteria waliojificha chini ya utando au kwenye njia ambayo hukuifungua. Nyama iliyooza iliyobaki inaizuia isifike ukutani. Na kuna jambo lingine, hizi dawa zikishaganda kuziondoa ni kazi kweli kweli, kwaiyo ukikosea urefu leo, daktari atakayekuja kurudia kesho anaweza akashindwa kabisa kufika kwenye ncha tena na mgonjwa akaishia kwenye upasuaji au kung'oa. Dawa ngumu kuondoa inadai usafi zaidi kabla ya kuiweka. Ndugu yake hoja hii ni ile ya kumwonyesha mgonjwa eksirei yenye kidoa cheupe nje ya ncha na kumwambia unaona, imeziba mpaka ikafurika. Kidogo kikitokeza mara nyingi mwili unavumilia, ila hicho sio ushahidi wa kuziba, namba za Sjögren nimeshazitaja, na kwenye magego ya chini kuna mshipa wa fahamu unaopita karibu na ncha, dawa ikimwagikia kule mtu anaweza kubaki na ganzi ya mdomo wa chini muda mrefu.

Tumeongelea ncha, ila ncha haiwezi kulindwa kutoka chini peke yake. Ray na Trope wa Philadelphia mwaka 1995 walisoma eksirei za meno 1,010 yaliyojazwa mizizi wakaangalia mambo mawili, ujazo wa ndani na kifuniko cha juu. Vyote viwili vikiwa vizuri, asilimia 91.4 hawakuwa na ugonjwa kwenye ncha. Vyote vibaya, 18.1 tu. Lakini ujazo mzuri chini ya kifuniko kibovu ulipata 44.1, wakati ujazo mbovu chini ya kifuniko kizuri ulipata 67.6. Wengine waliokuja baadae wameona uzito wa ndani na wa juu unakaribiana zaidi ya hapo, na ni kweli eksirei moja haikwambii jino lilianzaje, ila hakuna aliyeonyesha kwamba kifuniko kibovu ni salama. Mate yakipita juu yanateremka na bakteria pembeni ya ujazo, iwe umeshindilia kwa moto au umechomeka kijiti.

Na hapo ndo pa kwetu. Mama mmoja wa Ukerewe alikuja na uvimbe kwenye fizi, gego la chini, eksirei ikaonyesha mzizi umejazwa vizuri sana, urefu uko sawa, umeshiba mpaka mwisho, kazi ya mtu anayejua. Juu palikuwa na mabaki ya ile dawa laini ya muda, nyingine imeshatoka, ugali na dagaa vinaingia. Nikamuuliza, mama, hapa juu hukurudi pakafungwa? Akasema, mwanangu, maumivu yalikwisha, nauli ya meli tena ya nini. Na kwa alichoambiwa alikuwa sahihi, aliambiwa mzizi umezibwa, hakuna aliyemwambia kazi haijaisha. Watu wa visiwani, wa Sengerema na Geita, wavuvi wanaohama kufuata samaki, hawa wanarudi mara ya pili ikiwa tu wana sababu ya kurudi. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025 limewapunguzia watu wa ng'ambo ile foleni ya kivuko, wa Ukerewe bado wanategemea ratiba ya meli na hali ya ziwa. Kwaiyo habari ya kutibu siku moja, ambayo kwenye matangazo inauzwa kama fasheni, huku kwetu ina sababu ya maana kabisa, na kwa jino lisilotoa usaha siku moja inawezekana. Ila siku moja hiyo inapaswa kuisha na jino limefungwa juu kwa kijazo cha kudumu. Gego lililotolewa kiini linabaki na kuta nyembamba, na huku watu wanatafuna miwa na mihogo mikavu kwa meno hayo hayo, bila kofia ya kulivalisha jino au angalau kijazo kinachofunika vilele vyake linapasuka wima, na likishapasuka mpaka mzizini hakuna sila itakayoliokoa.

Ndo maana naona hata pesa za kliniki zinaelekezwa vibaya. Kijana anafungua chumba chake Buzuruga au Nyegezi anakopa anunue mashine ya moto ili asionekane wa zamani, wakati hana kipimo cha umeme cha kutafutia urefu wa mzizi, na mpira wa kutengea jino anauona mzigo. Mi ningemwambia aanze na kipimo cha urefu, mpira, hipokloraiti isiyoisha dukani, faili za kutosha ili asitumie zilizochoka, eksirei ya kuhakiki kijiti kabla ya kujaza, na nyenzo nzuri za kujenga juu. Akiwa navyo hivyo, kusongeza baridi kwa mkono kunampa matokeo ambayo tafiti nimezitaja zinayaheshimu. Bayoseramiki ikija inamrahisishia na kumwokolea muda, mashine ya moto ikija inampanua kwenye njia zenye maumbo magumu. Wanaofundisha nao, mafunzo haya mafupi ya mwisho wa wiki yanayofadhiliwa na wauza dawa yanaanzia kwenye kujaza, vijana wanajaza vipande vya plastiki vyenye njia safi za kung'aa wanapiga picha wanapewa cheti. Wangepewa magego yaliyooza yenye mate na damu waoneshwe jinsi ya kufika milimita ya mwisho bila kuivunja.

Kwa mgonjwa, badala ya kuuliza unajaza kwa njia gani, muulize daktari utapima urefu kwa kifaa gani, utanivalisha ule mpira, naomba nione eksirei ya mwisho inayoonyesha ncha, na juu patafungwa lini na kwa kitu gani. Kwenye ile eksirei hata asiyesoma udaktari anaweza kuona ule mstari mweupe umefika karibu na mwisho wa mzizi au umeishia katikati. Uombe na picha yake ukae nayo kwenye simu, na urudi baada ya mwaka ipigwe nyingine tulinganishe kivuli kimepungua au la, maana mfupa unapona polepole na kutouma sio kipimo.

Na sisi tunaotoa huduma tunaweza kuanza na bei. Sasa hivi kliniki nyingi mgonjwa anatajiwa bei ya mzizi peke yake, alafu anamalizwa anaambiwa kofia au kijazo cha juu ni hela nyingine, anasema nitarudi, na harudi. Itajwe bei moja, mzizi na kifuniko chake, tangu siku ya kwanza kabla ya ganzi. Wapo watakaoshtuka wachague kung'oa, na kung'oa jino kwa mtu anayejua atakosa kifuniko kuna heshima yake kuliko kumtoza ya mzizi alafu kumrudisha Nansio, kule Ukerewe, na dawa ya muda.